Kompyuta mpya ya nyumbani: Defender inatosha au ununue antivairasi? Tuziweke mezani

Mama yangu mdogo kastaafu ualimu, yuko Morogoro, na kwenye kiinua mgongo chake akasema lazima anunue laptopu moja ya nyumbani, ya kwake yeye na ya wajukuu wanaosoma sekondari. Akanunua. Jioni yake akanipigia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, huyu fundi wa dukani ananiambia kompyuta bila antivairasi itakufa ndani ya mwezi. Anayo ya kwenye boksi ya mwaka mmoja, na anayo nyingine kwenye flashi, elfu kumi tu, anasema hiyo haiishi muda milele. Si nichukue ya elfu kumi?"

Nikamwambia mama usichukue yoyote, na imeili yako usiifungue humo kwanza, Jumamosi nakuja. Nikapanda SGR asubuhi, na haya ninayoandika ni yale tuliyoyafanya pale mezani kwake siku nzima pamoja na sababu zake, maana swali hili watu wengi wanalo na anayewajibu mara nyingi ni muuzaji.

Kabla ya antivairasi, angalia windo (Windows) iliyopigwa

Laptopu yenyewe ni mtumba wa Ulaya, safi, prosesa ya Intel kizazi cha 8, RAM 8, SSD. Nikafungua Windows Security, nikaingia "Virus & threat protection", nikashuka mpaka palipoandikwa "Exclusions", hapo ndo yanaorodheshwa yale ambayo Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, imekatazwa kuyagusa. Kwenye kompyuta mpya pale panatakiwa pawe patupu. Kwake palikuwa na mistari miwili: folda ya aktiveta ya KMS (kiprogramu cha kuidanganya Windows kwamba leseni imelipiwa), na chini yake C:\ yenyewe, yaani diski nzima. Kwa hiyo Defender ilikuwa imewaka, tiki ya kijani ipo, kwa macho kila kitu shwari, na wakati huohuo imeambiwa isikague kitu chochote kilichomo humo ndani. Nikamweleza mama mdogo hivyo hivyo, akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Yaani msimamizi wa mtihani kakalishwa ofisini."

Ndo hivyo kabisa. Na sidhani kama fundi alikuwa na nia mbaya, aktiveta zenyewe huwa zinakulazimisha uzime Defender au uiwekee msamaha, la sivyo inazifuta, basi yeye akasamehe diski yote ili kazi iishe. Ila mwenye kompyuta hakuambiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aktiveta haikuhitajika. Laptopu nyingi za ofisini za Dell, HP na Lenovo za kuanzia kipindi hicho leseni ya Windows imo ndani ya mazabodi tokea kiwandani. Tulichukua flashi ya GB 8, tukashusha chombo cha kutengenezea flashi ya Windows kutoka tovuti ya Microsoft, tukafuta diski yote, tukapiga windo upya, Home au Pro ileile ambayo mashine ilitoka nayo, tukaunganisha intaneti, ikajiaktiveti yenyewe bila kuulizwa namba. Bando lililoliwa ni zaidi kidogo ya GB 5. Kwa mtu aliyenunua kompyuta ambayo imepita kwa fundi mwingine, mimi ushauri wangu wa kwanza ni huo, anza upya, usianze kusafisha ya mtu.

Windows 10, Windows 11 au Linux Mint

Hapa sikai sana. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Inawaka, inafanya kazi, ila matundu mapya yakigunduliwa hayazibwi bure moja kwa moja kama zamani. Kuna mpango wa nyongeza wa kupata viraka mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, unajiandikisha ukiwa na akaunti ya Microsoft na ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao, au unatoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au unalipa dola 30. Ni njia ya kununua muda tu.

Windows 11 inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu kwa Intel, TPM 2.0 (chipu ya usalama ya ndani ya mashine), RAM kuanzia GB 4 (mimi chini ya 8 simshauri mtu). Kama dukani unachagua kati ya laptopu ya kizazi cha 6 na ya kizazi cha 8 na tofauti ya bei siyo kubwa, chukua ya 8, hiyo tofauti ndo antivairasi yako ya kweli kwa miaka inayokuja.

Na kama umeshanunua ya kizazi cha 4 au 6 na hela ndo imeisha, Linux Mint ni chaguo la maana sana. Ni bure, nyepesi, virusi vingi vinavyozunguka huku mtaani kwenye flashi vimeandikiwa Windows kwa hiyo kwake haviwaki, na Mint 22 ina viraka mpaka 2029. Ubaya wake, Microsoft Office haimo, utatumia LibreOffice, na programu kama zile za uhasibu za ofisini zinaweza kugoma. Kwa mwanafunzi wa kuandika, kusoma na kuingia mtandaoni inatosha kabisa.

Sasa antivairasi zenyewe

Defender. Imo ndani ya Windows, hulipii, haina matangazo. Watu wengi, mafundi hasa, wanaidharau kwa sababu ya historia: ndugu yake wa zamani, Security Essentials, mwaka 2012 maabara ya AV-TEST ya kule Magdeburg Ujerumani iliinyima hata cheti. Lakini hiyo ilikuwa zamani. AV-TEST wanatoa alama tatu, ulinzi, wepesi na kutosumbua, kila moja kati ya 6, na kwa miaka ya karibuni Defender inapata 6 au karibu sana na 6. Yaani yule mwanafunzi aliyekuwa anashika mkia sasa anakaa na wale wa mbele, na mtu anayekwambia Defender ni takataka anakupa matokeo ya mtihani wa zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Ila ina udhaifu mmoja ambao kwa mazingira yetu unahesabika. Defender inategemea sana kuuliza seva za Microsoft. Maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, wanapima pia kompyuta ikiwa haina intaneti, na hapo mara nyingi Defender inashuka wakati Bitdefender na Avast zinabaki juu. Kwa mtu wa Ulaya ambaye intaneti haikatiki hilo halimhusu sana. Kwa mwalimu ambaye bando linaisha tarehe 20 na bado flashi za wenzake zinaingia kwenye kompyuta yake kila siku, linamhusu moja kwa moja.

Bitdefender ya bure. Ya Waromania hii. Injini yake ni ileile ya toleo la kulipia, ulinzi mzuri, na ukiiweka Defender inajizima yenyewe kuipisha. Inakutaka ufungue akaunti kwa imeili, na kuna matangazo ya kukutaka ulipie lakini siyo ya kukera sana. Kwa mtu wa flashi nyingi na intaneti kidogo, kati ya za bure mimi hii ndo ningemwekea.

Avast na AVG za bure. Avast waliinunua AVG mwaka 2016 kwa hiyo ukichagua kati ya hizo mbili hujachagua sana. Kukamata virusi zinakamata vizuri, hata bila intaneti. Lakini kuna jambo siwezi kulinyamazia: kampuni tanzu yao Jumpshot ilikuwa inauza kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji wanatembelea, ikafungwa Januari 2020 baada ya habari kutoka, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawatoza dola milioni 16.5 na kuwakataza kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Mtu uliyemwachia funguo akulindie nyumba halafu anawauzia watu habari za nani kaingia chumbani kwako, mimi kwangu imani ilikatika. Ongezea na vidirisha vinavyoruka kila siku kukwambia kompyuta yako ina matatizo kadhaa, lipia tuyatoe. Mzee asiyejua anaingiwa hofu bure.

Kaspersky. Kwa kazi ya kukamata virusi ni ya juu, miaka yote, na toleo la bure lipo. Swali lake ni la siasa na imani, makao yake makuu ni Moscow. Ujerumani shirika lao la usalama wa mitandao, BSI, lilitoa tahadhari Machi 2022, na Marekani walipiga marufuku mauzo mapya kuanzia Julai 2024 na apdeti kukatwa mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo, kampuni yenyewe inakanusha tuhuma. Kwetu haijakatazwa na maduka mengi ndo boksi wanalouza. Kwa kompyuta ya watoto kufanyia homuweki sioni tatizo, ila kama unafanya kazi za mtandaoni na kampuni za Marekani kwenye laptopu hiyohiyo, chukua nyingine ujiepushe na maswali.

ESET. Ya Slovakia, ya kulipia, sifa yake kubwa ni wepesi. Nimeiona kwenye mashine za RAM 4 ambazo Avast ilikuwa inazipigisha magoti, ikakaa kimya na kazi ikaendelea. Kama nimeamua kulipa, na mashine ni dhaifu, hela yangu inaenda hapo.

Ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta. Ukinunua laptopu mpya kabisa ya boksi mara nyingi unakuta McAfee au Norton ya siku 30 au mwaka. Siyo mbaya kwa ulinzi. Ubaya ni kwamba siku zikiisha inaanza kudai hela kila unapowasha, na watu wengi wanaiacha imekaa hapohapo imekufa wakidhani bado inalinda. Amua siku ya kwanza: unalipia au unaifuta. Ukiifuta Defender inaamka. Na kabla ya kulipia antivairasi yoyote, angalia bei ya mwaka wa pili, maana ya mwaka wa kwanza ni ya kukuvutia, wa pili inapanda na kadi yako wanakata wenyewe kama hujazima kujirudia.

Malwarebytes ya bure usiihesabu kama mlinzi wa kila siku, baada ya siku 14 za majaribio inabaki ya kukagua ukiiambia tu. Lakini ni rafiki mzuri wa kuomba maoni ya pili pale ambapo unahisi kuna kitu na Defender inasema hamna. Na mbili za kulinda muda wote usiziweke pamoja, zinagombana, kompyuta inakuwa nzito na ulinzi hauongezeki.

Sasa ile ya elfu kumi ya kwenye flashi. Hii ni antivairasi ya kulipia iliyofanyiwa kraki. Fikiria tu kidogo: ili ikubali leseni feki, mtu ambaye humjui kaifungua, kabadilisha ndani, na mara nyingi kaizuia isiwasiliane na kwao ili isigundulike. Apdeti inazipata wapi? Na huyo mtu aliyeifungua kaongeza nini kingine? Hii ndo mbaya kuliko zote nilizotaja, ni mbaya kuliko kutokuwa na kitu, kwa sababu ukiiweka Defender inajizima.

Kraki ndo mlango mkubwa

Nataka nikae hapa kwa sababu nimeona kwa macho. Shemeji yangu alikuwa anataka programu ya kuhariri video, bei yake dola, akaingia tovuti moja akaipata "bure". Faili la zip lenye pasiwedi 1234, na maelezo: zima antivairasi kwanza. Ile pasiwedi siyo ya kumlinda shemeji, ni ya kufanya antivairasi isiweze kuchungulia ndani ya zip. Akazima, akabonyeza. Likatokea dirisha linafanana kabisa na la apdeti ya Windows, asilimia zinapanda taratibu, akaenda kunywa chai.

Aliporudi picha zote za harusi yake zilikuwa zimeongezewa herufi nne mwishoni, harusi014.jpg halafu nukta na herufi zisizo na maana, hazifunguki, na kila folda kuna faili jipya jina lake _readme.txt. Ndani yake: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Huyo ni STOP, wengine wanamwita Djvu, kirusi cha utekaji ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kinawapiga watu wa majumbani kuliko makampuni, na njia yake kuu ya kuingilia ni kraki na aktiveta. Kampuni ya Emsisoft ilitoa chombo cha bure cha kufungulia mwezi Oktoba 2019, ukiangukia kwenye funguo za zamani au zile kirusi kinazotumia kikikosa intaneti unaweza kupona. Shemeji hakuangukia huko. Picha pekee alizonazo sasa ni zile alizokuwa amewatumia watu WhatsApp.

Hakuna antivairasi ya boksi ingemwokoa hapo, kwa sababu aliizima kwa mkono wake. Ndo maana mtu akiniuliza anunue ipi mimi namuuliza kwanza, kraki utaacha? Office kuna LibreOffice ya bure na Office ya mtandaoni ya Microsoft ya bure. Video kuna DaVinci Resolve na Shotcut bure, ingawa Resolve inataka mashine yenye nguvu. Picha kuna GIMP na Photopea. Tena hata kazi ya kulipwa unaifanya nazo.

Tabia, hapa ndo kazi yenyewe

Bakapu kwanza. Nilimwambia mama mdogo zile hela za boksi la antivairasi aongezee kidogo anunue eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia. Tukilinganisha: leseni inaisha baada ya mwaka, eksteno inakaa miaka, na kirusi kama kile cha shemeji kikipita antivairasi, kitu pekee kinachokurudishia picha ni nakala ambayo haikuwa imechomekwa. Hilo la kutochomekwa ni la lazima, ukiiacha imening'inia kwenye kompyuta inatekwa nayo. Google Drive wanakupa GB 15 bure na OneDrive GB 5, zinatosha nyaraka na vyeti, picha na video peleka kwenye eksteno.

Pia ndani ya Defender kuna kitufe kimezimwa ambacho wengi hawakijui, "Controlled folder access", kipo kwenye sehemu ya "Ransomware protection". Ukikiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha kitu kwenye folda za Documents na Pictures. Kinasumbua siku za mwanzo, kinaweza kukataa hata programu halali mpaka uiruhusu, na kinafanya kazi pale tu Defender ndo mlinzi mkuu. Ukiweka Bitdefender unakipoteza. Kwa hiyo unaona kuchagua kulivyo, huku unapata ulinzi mzuri bila intaneti, kule unapata kufuli ya folda.

Apdeti na bando. Najua watu wanaweka Wi-Fi ya simu kuwa "metered", yaani ya kubana matumizi, ili Windows isile bando, na mimi sikulaumu, bando ni ghali. Ila kumbuka WannaCry: kiraka chake Microsoft walikitoa tarehe 14 Machi 2017, kirusi kikalipuka tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, na baadhi ya hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa kwa sababu kompyuta hazikuwa zimeapdetiwa. Panga siku moja kwa mwezi, Jumatano inayofuata Jumanne ya pili hivi, kwa sababu viraka vinatoka Jumanne hiyo kwa saa za Marekani, nunua bando la usiku kama mtandao wako unalo, ondoa hiyo "metered", acha ishushe mpaka iishe, restati. Mama mdogo kaandika kwenye kalenda ya ukutani.

Pasiwedi: daftari, brauza au Bitwarden, programu ya kutunza pasiwedi? Brauza ni rahisi lakini kuna aina ya virusi kazi yake ni kufagia pasiwedi na kuki za brauza (vifaili vinavyoifanya tovuti ikukumbuke) tu. Mmoja wao, Lumma, Microsoft na Europol waliposhambulia mitambo yake Mei 2025 walihesabu kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa ndani ya miezi miwili. Na kuki ikiibwa mwizi anaingia kwenye akaunti yako bila pasiwedi na bila ile namba ya kwenye simu, maana tovuti inamwona ni wewe uliyeshaingia. Bitwarden ya bure inakaa kwenye simu na kompyuta, inatengeneza pasiwedi tofauti kila tovuti, unakariri moja tu. Kwa kijana ningesema Bitwarden bila kusita. Kwa mama mdogo tumetumia daftari, linakaa kabatini, na sioni aibu kusema hivyo, mwizi wa mtandaoni hafungui kabati Morogoro. Imeili yake tu ndo tumeiwekea hatua mbili, kwa programu ya namba kwenye simu badala ya SMS, kwa sababu laini ikirudishwa kwa ujanja na mtu mwingine SMS zinamfuata yeye.

Akaunti. Ile ya kwanza Windows inayotengeneza ina mamlaka yote. Wajukuu tukawatengenezea yao ya kawaida, wakitaka kuweka programu inamwomba bibi pasiwedi. Dakika tano, bure, na kinga yake ni kubwa.

Brauza. Chrome kwa sasa uBlock Origin kamili, kile kizuia matangazo, haikubali tena, ipo ya Lite tu, Firefox bado inakubali ile kamili. Kwa anayeshusha shusha vitu, ile inayoondoa vitufe feki vya kijani vya "Download" ni ulinzi tosha wa nusu ya safari, kwa hiyo tukaweka Firefox. Halafu kuna vile vidirisha vinavyotokea pembeni chini kusema kompyuta yako ina virusi vitano, vina nembo ya antivairasi maarufu, hivyo mara nyingi ni taarifa za tovuti uliyoibonyezea "Allow" bila kusoma. Ingia kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya notifikesheni, futa tovuti usizozijua, vinakoma hapohapo.

Na hii mpya naomba uwafundishe watoto leo leo: ukurasa unakuambia thibitisha wewe siyo roboti, halafu unakuelekeza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hapo unabandika amri ya mwizi na kuiendesha mwenyewe. Hakuna tovuti ya kweli inayothibitisha ubinadamu wako kwa kukupeleka nje ya brauza. Mjukuu wa kidato cha tatu aliponisikia akasema ameshawahi kuiona, kwenye tovuti ya kuangalia mpira, akafunga kwa sababu intaneti ilikatika.

Flashi. Folda zikigeuka shotikati usizibonyeze, ule ndo mtego wenyewe. Piga skani flashi kwanza, futa hizo shotikati, vitu vyako mara nyingi vimo vimefichwa tu, unavifichua kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d kwenye Command Prompt ukitaja herufi ya flashi yako. Kama lazima uchomeke stationari kwenda kuprinti, jitumie faili kwa imeili badala yake, au beba flashi ya kuprintia peke yake isiyo na kitu kingine.

Mwisho tulichoweka

Mama mdogo ana Wi-Fi ya simu karibu kila siku, flashi chache, wajukuu wadadisi. Tumebaki na Defender, folda zimefungwa kwa ile kufuli, akaunti za watoto, Firefox, daftari, eksteno. Angekuwa bado anafundisha na anapokea flashi za walimu wenzake kila siku ningemwekea Bitdefender ya bure. Mdogo wangu wa Dar anayeuza nguo Instagram, mashine yake ya RAM 4, nimemlipisha ESET na Bitwarden, kwa sababu akaunti ndo duka lake.

Saa kumi na moja jioni nikiwa najiandaa kurudi stesheni mama mdogo akachomeka eksteno mwenyewe, akakopi folda la picha, akabonyeza pale pa kuitoa salama, akasubiri mpaka kompyuta ikamwambia sasa unaweza kuchomoa. Akaifunga kwenye kipande cha kanga akaiweka kabatini juu ya daftari. "Kila Ijumaa?" akauliza. Nikamwambia kila Ijumaa mama.